Kozi huchaguliwa kuanzia mwisho: mwongozo kwa wahitimu wa Tabora na Kigoma

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka Januari, swali linalozunguka majumbani kuanzia Urambo mpaka Kibondo huwa ni lile lile: "Sasa huyu asome kozi gani?" Anayeanza na swali hilo mara nyingi huishia kwenye kozi iliyotangazwa redioni wiki ile, au aliyosoma binamu yake, au ile ambayo chuo chake kiko karibu na stendi. Njia yenye hasara ndogo ni kuanza na kazi yenyewe, kisha kurudi nyuma: kazi, leseni ya kuifanya, ngazi ya cheti, masomo na alama zinazodaiwa, chuo, na mwisho kabisa pesa. Ukienda kwa mpangilio huo, nusu ya kozi ulizokuwa unazifikiria zitajifuta zenyewe kabla hujalipa hata senti ya maombi.

Chukua karatasi moja ya daftari. Upande wa kushoto andika kazi tatu, zisizidi hapo. Ziandike kama shughuli, usiziandike kama sekta. "Afya" haijakwambia kitu. Ndani ya afya yumo tabibu anayesikiliza wagonjwa na kuwaandikia dawa, muuguzi anayekesha wodini, mteknolojia wa maabara anayeshinda na hadubini, mtu wa dawa, mtu wa mionzi, mtu wa mazoezi ya viungo, na mtunza kumbukumbu anayefanya kazi na kompyuta bila kumgusa mgonjwa. Wote hawa wanapita geti moja la hospitali asubuhi, lakini kozi zao, leseni zao na uchovu wao ni tofauti kabisa. Asiyevumilia damu anaweza kuwa mtunza kumbukumbu mzuri na muuguzi wa hovyo. Vivyo hivyo "biashara", "kompyuta" na "uhandisi": vunja kila neno mpaka upate mtu mmoja anayefanya jambo moja siku ya Jumanne.

Kisha nenda ukamwone huyo mtu. Siku tatu zinatosha, siku moja kwa kila kazi. Mkoa wa Tabora na wa Kigoma una karibu kila aina ya kazi ndani ya nauli ya bodaboda au basi la wilayani: zahanati ya kata, ofisi ya ugani, karakana ya reli, mwalo wa Kibirizi, kiwanda kidogo cha mawese, mahakama ya mwanzo, benki, shule. Usiulize "kazi ni nzuri?", maana kila mtu atakujibu kwa heshima tu. Uliza haya manne: jana ulifanya nini tangu asubuhi mpaka jioni? Ni kitu gani kinakuchosha? Ulipomaliza chuo ulikaa muda gani bila kazi, na ulifanya nini wakati huo? Ungeanza upya leo, ungesoma ngazi gani na wapi?

Mtafute aliyeajiriwa ndani ya miaka mitatu iliyopita. Mzee anayekaribia kustaafu ana hekima, lakini njia aliyopitia imekwisha kufungwa. Zamani mwalimu alimaliza chuo, akapangiwa kituo, akaenda. Sasa ajira za serikali huombwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na walimu nao huitwa kwenye usaili kama wengine. Hiyo inabadilisha hesabu ya anayechagua ualimu kwa sababu tu "serikali inaajiri".

Leseni kwanza, cheti baadaye

Hatua ya pili ndiyo watu huiruka. Kwenye karatasi yako, mbele ya kila kazi, andika nani anayetoa ruhusa ya kuifanya. Muuguzi na mkunga wana Baraza la Wauguzi na Wakunga. Daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, na baada ya miaka 5 ya shahada ana mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwanza kama mhandisi mhitimu, na ngazi ya mtaalamu kamili huja baada ya miaka kadhaa ya kazi chini ya usimamizi. Mhasibu anayetaka kwenda mbali hufanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Ofisa ununuzi anaangaliwa na PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Aliyesoma shahada ya sheria hawi wakili mpaka apite Shule ya Sheria kwa Vitendo, kwa hiyo miaka yake ya masomo haiishii siku ya kuvaa joho.

Hata kazi za mikono zina mlango wa namna hii. Fundi umeme anayefunga nyaya za nyumba anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na leseni zina madaraja kulingana na elimu, uzoefu na ukubwa wa kazi. Mteja akitaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, kazi ya nyaya inabidi ithibitishwe na mtu mwenye leseni. Asiye nayo hufanya kazi yote ya kukata ukuta na kupitisha mabomba, kisha anampa mwenye leseni sehemu ya malipo ili apige muhuri. Kijana anayesoma umeme aulize mapema cheti chake kitampeleka daraja gani.

Ukishajua nani anatoa leseni, uliza chombo hicho au mtu aliyesajiliwa nacho: ni kozi zipi mnazitambua? Jina la kozi linaweza kufanana na la kazi lakini lisifungue mlango. "Afya ya jamii" haikufanyi tabibu. "Usimamizi wa maabara" haikufanyi mteknolojia wa maabara. Majina ya namna hii yana mvuto, na chuo kinachotafuta wanafunzi hakina haraka ya kukueleza tofauti.

Alama: hapa ndipo safari nyingi hukwamia

Hatua ya tatu ni kusoma masharti ya kuingia, neno kwa neno. Chukua muda hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne, vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, huanza ngazi ya 4, kisha 5, kisha 6 ambayo ndiyo stashahada. Kwa kawaida ni mwaka mmoja mmoja, jumla miaka 3. Sharti la jumla ni ufaulu wa masomo manne, yaani D kwenda juu, bila kuhesabu masomo ya dini. Hiyo "bila kuhesabu" imewarudisha wengi nyumbani: mtu ana D nne, moja ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au Bible Knowledge, kwa hiyo anazo tatu. Kozi za afya zinaongeza sharti la kutaja masomo: utabibu na uuguzi hudai Biolojia, Kemia na Fizikia ziwemo ndani ya hizo nne. Mwenye C tano za sanaa na F ya Fizikia hana nafasi hata kama jirani yake mwenye D nne tupu ameingia.

Tazama mfano huu kwa karibu. Binti ana Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B, Kiingereza D, Jiografia C, Hisabati F. Anaingia utabibu bila tatizo. Anasoma miaka 3, anamaliza na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.4, anafanya kazi miaka miwili, kisha anataka shahada ya udaktari. Hapo anakuta sharti kwamba mwenye stashahada ya utabibu awe na GPA isiyopungua 3.0, na juu yake awe na D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. F ya Hisabati aliyoisahau miaka mitano nyuma imefunga geti. Dawa ni kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, na muda mzuri wa kulirudia ni mwaka ule ule au unaofuata baada ya kidato cha nne, wakati kanuni za aljebra bado ziko kichwani. Mtu akiwa kazini Sikonge, ana zamu za usiku na mtoto mdogo, kurudia Hisabati ni shughuli nyingine kabisa. Kwa hiyo hata kama kozi ya leo haidai Hisabati au Kiingereza, F katika masomo hayo mawili ichukulie kama deni.

Kwa waliomaliza kidato cha sita, kosa kubwa ni kuangalia divisheni. Chuo kikuu hakisomi divisheni, kinasoma alama za masomo mawili au matatu yanayotajwa kwenye kozi. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huhesabu hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Kozi nyingi za shahada hudai ufaulu mkuu wa masomo mawili, yaani A mpaka E, wenye jumla isiyopungua 4.0. Linganisha vijana wawili. Wa kwanza ana D, E, E: kwa hesabu ya baraza la mitihani, NECTA, ambako pointi chache ndizo bora, ana pointi 14, divisheni ya tatu. Masomo yake mawili bora yanampa 2 + 1, jumla 3. Hafiki. Wa pili ana D, D, F: pointi 15, divisheni ya tatu pia, na kwa karatasi anaonekana dhaifu kidogo kuliko mwenzake. Lakini 2 + 2 ni 4, anaomba, ilimradi hizo D mbili ni za masomo ambayo kozi inayataja. Wazazi hugombana na ofisi za udahili kwa sababu ya jambo hili, na ofisi iko sahihi.

Udaktari, ufamasia na kozi za jirani zake hudai masomo yote matatu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa udaktari kiwango cha chini cha alama 6 ni sawa na D tatu. Ichukulie hiyo kuwa sakafu tu. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na chuo huchukua kuanzia juu kikishuka. Mwenye D tatu aombe kama anataka, lakini aweke kwenye orodha yake kozi nyingine ambayo kweli angeisoma.

Asiyefikisha 4.0 ana njia mbili za heshima. Moja ni stashahada: kwa vyuo vingi, mwenye ufaulu mkuu mmoja na sabsidiari moja (alama ya S) huanza ngazi ya 5 na kumaliza kwa miaka 2, kisha GPA ya 3.0 humfungulia shahada. Kozi za afya zina utaratibu wake. Ya pili ni programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Tabora na Kigoma, nayo pia inadai GPA ya 3.0. Kwa maoni yetu stashahada ni bora kwa wengi, kwa sababu ukikwama kiuchumi katikati ya safari tayari una cheti kinachoajiri.

Na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo wa kidato cha tano na sita? Mwaka 2024 idadi ya tahasusi za kidato cha tano iliongezwa kutoka 16 hadi 65, kwa hiyo mzazi anayejua PCM, PCB na HGL tu asimshauri mtoto kwa kumbukumbu. Uhuru huu una mtego wake: mchanganyiko mpya unaweza kupendeza huku kozi unayoitaka bado inataja masomo ya zamani. Fungua mwongozo wa TCU, tafuta kozi tatu unazozitaka, andika masomo yanayodaiwa, ndipo uchague tahasusi inayohudumia angalau mbili kati ya hizo. PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) inafungua afya, na pia kilimo, mifugo, misitu, mazingira na ualimu wa sayansi. EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) inafungua uchumi, takwimu, uhasibu na bima kwa upana ambao HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) haifikii, sababu ikiwa Hisabati ya juu. Anayesoma PCB au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) asidharau Hisabati tumizi, lile somo dogo la pembeni. Kozi kadhaa huliangalia.

Chaguo ulilojaza kwenye selform (fomu ya machaguo) ukiwa bado shuleni si pingu. Baada ya matokeo, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi au kuchagua chuo cha kati kwa wiki chache. Unaingia na namba yako ya mtihani na taarifa nyingine chache, unabadili, unahifadhi. Mwanafunzi aliyejaza HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) kwa hofu, kisha akapata C ya Kemia na B ya Biolojia, analo dirisha hilo. Likifungwa, kuhama ukiwa tayari kidato cha tano kunategemea huruma ya shule na nafasi iliyopo.

Kilicho karibu nawe

Si lazima kozi nzuri iwe Dar es Salaam au Dodoma. Mikoa hii miwili ina vyuo ambavyo watu wa mbali huvifuata, huku wenyeji wakivipita kwenda kupanga chumba Mbezi.

Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Ukanda wa miombo wa Sikonge, Kaliua na Uyui ndio moyo wa asali ya nchi hii, na mhitimu anayejua kupima unyevu wa asali, kuchuja nta na kufungasha kwa viwango ana kazi hata asipoajiriwa. Kipo Chuo cha Kilimo Tumbi, Chuo cha Utumishi wa Umma kwa kozi za masijala, uhazili, manunuzi na rasilimali watu, chuo cha ualimu, VETA ya ufundi stadi, na Chuo Kikuu cha Askofu Mkuu Mihayo kwa wenye alama za shahada. Kuelekea Igunga, Nkinga kuna chuo cha sayansi za afya kando ya hospitali, ambako mwanafunzi hapangi foleni kumwona mgonjwa wa mafunzo.

Kigoma kuna kampasi ya FETA, wakala wa elimu ya uvuvi, ambayo hufundisha uvuvi na ufugaji wa samaki. Hapa sema ukweli na nafsi yako. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Anayesoma akitegemea kuvua tu ameiona hatari hiyo. Anayesoma ufugaji wa samaki kwenye mabwawa na vizimba, au uchakataji na ubora wa dagaa na migebuka, ameingia upande ambao kufungwa kwa ziwa kunaupa soko. Kipo pia chuo cha uhasibu TIA, VETA Kigoma, na vyuo vya ualimu Kasulu na Kabanga. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, nayo ina mradi wa kampasi Kigoma. Usichague leo kwa kutegemea jengo ambalo hujathibitisha kuwa limeanza kufundisha, ila ukiwa kidato cha kwanza au cha pili liweke akilini.

Reli inastahili neno lake. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa (SGR) cha Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu hapo kila kijana anataka "kozi ya SGR". Tenganisha mambo mawili. Ujenzi unahitaji waendesha mitambo, wachomeleaji, wafunga nondo, wapimaji, na kazi hizo huisha mkandarasi akifunga kambi. Uendeshaji na matengenezo vinahitaji umeme wa njia, mawasiliano na ishara, ufundi wa injini na mabehewa, nazo hukaa muda wote treni zinapotembea. Chuo cha reli cha Tabora kipo kwa ajili ya upande huu wa pili. Anayetaka ule wa kwanza achukue uchomeleaji au umeme wa viwandani VETA, kwa sababu stadi hizo zitauzika pia kwenye ghala la tumbaku, kiwanda cha chumvi Uvinza na gereji ya malori.

VETA haifungi njia ya kupanda. Mafunzo yake yana ngazi ya I, II na III, na mwenye ngazi ya III pamoja na cheti cha kidato cha nne anaweza kuingia ngazi ya 4 ya NACTVET hata kama hakufikisha D nne. Kwa hiyo aliyepata divisheni ya nne dhaifu anaweza kufika stashahada ya ufundi kwa mguu huu, akiwa tayari anaingiza kipato.

Chuo chenyewe

Ukishapata kozi, kagua chuo kwa mambo matatu. Kwanza, kipo kwenye orodha ya NACTVET au TCU? Orodha zote ziko kwenye tovuti zao. Pili, hali ya usajili ni ipi? Chuo cha kati huanza na usajili wa muda, kikafika usajili kamili, kikatafuta ithibati. Tatu, na hapa wengi hudanganyika, kozi unayoitaka imeidhinishwa katika chuo hicho? Chuo kinaweza kuwa halali kwa uuguzi lakini kikawa kinaandikisha wanafunzi wa famasia bila kibali. Mwanafunzi hugundua mwaka wa pili, jina lake lisipoonekana kwenye mitihani.

Fika mwenyewe ikiwezekana, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Angalia maabara ina vifaa vinavyotumika au vimefunikwa kwa vumbi. Hesabu wanafunzi kwa kila hadubini, kwa kila mashine ya kuchomelea. Uliza hospitali, shamba au karakana ya mafunzo kwa vitendo ni ipi na iko umbali gani. Ongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili mkiwa nje ya geti.

Pesa, na mkono wa mtu wa steshenari

Ada ni sehemu tu ya gharama. Piga hesabu ya mwaka mzima wa miezi 10. Tuseme chumba ni Sh 40,000 kwa mwezi, hiyo ni 400,000. Chakula Sh 5,000 kwa siku kwa siku 300 ni 1,500,000. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, bima ya afya, sare na vifaa, michango ya mitihani, na gharama ya mafunzo kwa vitendo ambayo mara nyingi huangukia wilaya ambako huna ndugu. Kwa mfano huu, ada ya 1,200,000 imezidiwa na kula na kulala. Weka bei za mji unaokwenda, zidisha kwa miaka yote ya kozi, ndipo ulinganishe chuo cha nyumbani na cha mbali. Kijana wa Ujiji anayesoma TIA Kigoma akitokea nyumbani anaweza kumudu kozi ambayo ingemshinda kwingineko kwa ada ile ile.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni kwa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 pia kwa stashahada chache za vipaumbele. Hakikisha ya kwako imo kabla ya kuutegemea. Marejesho ni 15% ya mshahara wa msingi ukiajiriwa, kwa hiyo si zawadi. Maombi mengi hukwama kwenye vyeti: jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la NECTA, "Rehema Juma" huku, "Rehema J. Hamisi" kule. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huchukua siku. Anza nao miezi miwili kabla dirisha halijafunguliwa. Jina likihitaji hati ya kiapo au ya kubadili jina, muda huo utauhitaji wote.

Sasa kuhusu kuomba. Maombi ya vyuo vikuu hupelekwa moja kwa moja kwenye kila chuo. Kozi za afya za astashahada na stashahada hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Wengi huombewa na kijana wa steshenari, na hapo ndipo balaa huanza: kijana huyo huweka barua pepe yake na namba yake ya simu kwa waombaji arobaini. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Inaingia kwenye simu yake. Yeye kaenda Nzega msibani, simu haina chaji, siku za kuthibitisha zinapita. Mlipe akuandikie kama huna kompyuta, lakini barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako na usiibadilishe mpaka Novemba, na nywila uiandike kwenye karatasi ile ile ya kazi tatu. Chuo cha umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number). Anayekupa namba ya simu ya mtu binafsi umtumie ada ya maombi, achana naye.

Panga machaguo yako kwa uwiano: kozi moja ambayo alama zako ziko juu ya sakafu kidogo tu, mbili ambazo uko salama, na moja ambayo hata ushindani ukiwa mkali utapata. Zote ziwe ni kozi ambazo ukichaguliwa utakwenda. Kujaza kozi usiyoitaka "ili fomu isibaki wazi" ndiko kunakowapeleka watu kusoma miaka mitatu kitu walichokichukia tangu wiki ya kwanza.

Na ukifika ukagundua umekosea, usisubiri matokeo ya muhula. Kuhama kozi kuna dirisha lake mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Utaruhusiwa tu kama alama zako zinakidhi kozi unayohamia na nafasi ipo, na chuo lazima kipeleke taarifa hiyo TCU au NACTVET. Kama una mkopo, mjulishe ofisa mikopo wa chuo siku hiyo hiyo, kwa sababu fedha yako imepangwa kwa kozi ya zamani na itaendelea kwenda huko mpaka mtu airekebishe.